Mtandao Haukuwa Chini

"Mwalimu, naomba uvumilie kidogo, mtandao uko chini."

Niliisikia sentensi hiyo mara saba kabla ya saa tano asubuhi, Jumatatu moja ya Januari 2022, nikiwa nimesimama nyuma ya dirisha la tatu la chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam. Aliyekuwa akiisema ni dada wa kaunta ambaye hakuwa na kosa lolote. Mbele yake walipanga foleni walimu, wengi wao kina mama, waliokuja kuchukua mkopo wa dharura kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na sare na madaftari havisubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Kila alipobonyeza kitufe cha kuangalia kama mwanachama anastahili kukopa, skrini ilikaa kimya. Sekunde kumi. Ishirini. Nusu dakika. Kisha jibu linatokea kana kwamba hakuna kilichotokea, anayefuata anasogea, na kimya kinaanza upya.

Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni aliniona na kitambulisho changu shingoni akaniuliza, "Baba, na wewe ni wa mtandao?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi Mungu awasaidie."

Mtandao haukuwa chini. Nilikuwa nimeupima mwenyewe asubuhi ile na ulikuwa mzima kuliko siku nyingi. Kilichokuwa chini ni kanzidata, na iliyoiangusha ni grafu yenye nguzo mbili niliyoichora mimi wiki tatu kabla, ikionyesha kwamba toleo jipya lina kasi kuliko la zamani.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa. Nimewasikia wenzangu wa fani wakilisimulia kwa jina la "changamoto za uhamiaji", maneno laini ya kwenye ripoti. Mimi naliita uongo. Haukuwa uongo wa makusudi, ila ulikuwa uongo. Tena ni uongo tunaoendelea kuusema kila mwaka, kila toleo jipya linapotoka, na anayeulipia si sisi bali ni yule aliyesimama kwenye foleni akiambiwa habari za mtandao.

Nieleze kilichotokea, maana bila mashine yenyewe hasira yangu itaonekana ya bure.

Mfumo wa chama kile ulikuwa ukitumia PostgreSQL toleo la 9.6. Watengenezaji wa PostgreSQL hulihudumia kila toleo kubwa kwa miaka mitano hivi, kisha hulizika: hakuna tena marekebisho, hata ya matundu ya usalama. La 9.6 lilizikwa Novemba 2021. Kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi, ambayo ndiyo ilikuwa ikiutunza mfumo, ikaamua kuhamia toleo la 13. Uamuzi ulikuwa sahihi na naurudia: ulikuwa sahihi. Kazi iligawanywa. Mwenzangu wa zamu ya usiku angehamisha. Mimi ningepima, ili meneja apate kitu cha kuwaonyesha viongozi wa chama.

Nikapima kwa pgbench, programu inayokuja pamoja na PostgreSQL yenyewe. Kama hujawahi kuitumia, hivi ndivyo inavyofanya. Inakujengea benki ya kufikirika: tawi moja, makarani 10, akaunti 100,000, na ukitaka benki kubwa zaidi unazidisha. Halafu inaanza kupitisha muamala uleule mamilioni ya mara. Badilisha salio la akaunti, lisome, badilisha hesabu ya karani, badilisha hesabu ya tawi, andika mstari mmoja kwenye historia. Mwisho inakupa namba: miamala mingapi kwa sekunde. Toleo la 13 lilinipa namba iliyozidi ya 9.6 kwa karibu moja ya tano. Nikachora nguzo mbili, moja ya kijivu na moja ya kijani. Meneja alizipenda. Aliziweka kwenye ukurasa wa pili wa wasilisho lake, kabla hata ya bajeti.

Sasa tazama benki hiyo ya kufikirika. Mteja wake hakopi. Hana mdhamini. Hana historia ya miaka minane ya makato ya mshahara inayopaswa kujumlishwa kabla hajaambiwa anastahili kiasi gani. Anaingia, salio linabadilika, anatoka. Mwalimu wetu wa dirisha la tatu hafanani naye hata kidogo. Swali ambalo mfumo uliiuliza kanzidata kila alipofika kaunta lilikuwa refu kama barua ya posa: jumlisha akiba zake zote, tafuta mikopo yake, tafuta aliowadhamini, tafuta waliomdhamini, angalia kama hao nao wanadaiwa. Na jedwali la miamala tulikuwa tumelikata vipande, kila mwezi kipande chake, kwa hiyo swali moja lilipita kwenye vipande karibu mia, tena zaidi ya mara moja.

Kwenye 9.6 swali hilo lilijibiwa kabla dada wa kaunta hajainua kidole. Kwenye 13 lilikuta mgeni mlangoni. Mgeni huyo anaitwa JIT. Aliingia PostgreSQL katika toleo la 11, mwaka 2018, akiwa amezimwa. Toleo la 12, mwaka 2019, wakamwasha kwa kila mtu. Kazi yake ni kuchukua sehemu za swali na kuzitafsiri kuwa lugha ya mashine kabla ya kuanza kulijibu, ili zikimbie haraka. Kwa ripoti ndefu inayosaga mamilioni ya safu, anafaa sana na sina ugomvi naye. Lakini anaamua kuingia kazini kwa kuangalia makadirio tu. Mpangaji wa kanzidata akikadiria kwamba gharama ya swali inapita 100,000, JIT anavaa ovaroli. Akikadiria zaidi ya 500,000, anavaa ovaroli na kuleta ngazi na rangi: anatafsiri na kuboresha kwa bidii zaidi. Na tafsiri hiyo haihifadhiwi. Swali lilelile likija tena baada ya sekunde moja kwa mwalimu anayefuata, kazi inaanza mwanzo.

Mpangaji alidhani kila mwalimu ana wadhamini maelfu. Walikuwa watatu. Kwa makadirio hayo gharama ikapaa, JIT akaingia, akakuta vipande karibu mia, akaanza kutafsiri kimoja baada ya kingine. Swali lenyewe lilihitaji milisekunde chache za kazi ya kweli. Matayarisho yake yalichukua sekunde nyingi. Na kwa kuwa seva ilikuwa na kori nane na madirisha katika matawi yote yalikuwa zaidi ya ishirini, watafsiri wote wakawa wanagombania jiko moja.

Hapa ndipo ninapotaka usimame nami kidogo. Maswali ya pgbench hutafuta safu moja kwa faharasa. Makadirio ya gharama ya kutafuta safu moja namna hiyo ni 8 na ushee. Mlango wa JIT uko 100,000. Ningeweza kuiendesha pgbench usiku na mchana hadi Pasaka, kwenye seva yoyote duniani, na kwa maswali yale nisingekutana kamwe na kitu kilichotuangusha. Kusema kwamba kipimo changu hakikuwa sahihi vya kutosha ni kukionea huruma. Kilikuwa kikipima kitu kingine. Nilipima mbio za duma nikatoa cheti cha kuogelea.

Na hata hizo mbio za duma nilizipima vibaya. Kanzidata ya majaribio ya 9.6 nilikuwa nimeichezea siku mbili nikijifunza vigezo vya pgbench. Wanaoijua PostgreSQL wanajua maana yake: kila unapobadilisha safu, toleo la zamani la safu hiyo halifutwi papo hapo, linabaki kama godoro kuukuu koridoni mpaka mfagiaji apite, na hata akipita, nyumba haipungui ukubwa. Ya 13 nilikuwa nimeijaza data dakika chache kabla ya kupima, safu zimepangwa kama maandazi kwenye sinia, na sehemu kubwa yake ikiwa bado kwenye RAM. Nililinganisha nyumba iliyokaliwa na nyumba iliyokabidhiwa funguo asubuhi ile, nikatangaza kwamba fundi wa pili ni hodari. Dakika moja ya kupima kila upande. Seva ya wingu, ambayo majirani zake siwajui na sijui usiku ule walikuwa wakifanya nini. Mara moja tu, sikurudia. Kwa nini nirudie? Namba ilikuwa imeshasema nilichotaka isikike ikisema.

Waanzilishi wa mambo haya walituonya mapema, na hilo ndilo linaloniuma. Benki ile ya pgbench haikuzuliwa na watu wa PostgreSQL. Mwaka 1985 Jim Gray na wenzake walichapisha katika jarida la Datamation makala kuhusu namna ya kupima uwezo wa mifumo ya miamala, na mmoja wa mitihani yao ulikuwa huu wa kuweka na kutoa fedha: matawi 1,000, makarani 10,000, akaunti milioni 10. Hawakuweka majina yao juu ya makala. Mwandishi alitajwa kama asiyejulikana na wenzake. Ndani ya makala hiyo kulikuwa na sharti ambalo leo karibu kila grafu unayoionyeshwa imelisahau. Huruhusiwi kuhesabu miamala kwa sekunde mpaka asilimia 95 ya miamala hiyo iwe imejibiwa ndani ya sekunde moja. Yaani kasi iliyopatikana kwa kumsimamisha mteja si kasi. Mwaka 1988 likaundwa baraza la kusimamia vipimo hivi, TPC, likaweka kanuni za ukaguzi na kulazimisha kila anayetangaza namba aeleze kila kitu: mashine gani, mipangilio gani, bei gani. Moja ya mitihani yake, TPC-B, iliondoa skrini za makarani, ikaondoa mtandao wa kaunta, ikaondoa muda ambao binadamu anatumia kufikiri, ikabaki na kanzidata peke yake ikisukumwa kwa nguvu zote. Mwaka 1995 baraza lenyewe likaustaafisha. Mtihani uliostaafu mwaka 1995, nilipokuwa bado najifunza kuandika jina langu, ndio mzazi wa kile nilichokiendesha mwaka 2021 na kukiita ushahidi.

Wala sitaki kuitupia pgbench lawama. Maelezo yake rasmi yanakuonya waziwazi usiamini jaribio la sekunde chache, urudie, na uangalie ukubwa wa data unayopimia. Imeandikwa. Nilikuwa sijasoma. Ndivyo tulivyo wengi wetu: tunasoma jinsi ya kuendesha, hatusomi jinsi ya kutojidanganya.

Kuna ujanja mwingine wa namba ambao ni vigumu zaidi kuuona. Chukua maswali 1,000. Mengine 990 yajibiwe kwa milisekunde 5, na 10 yajibiwe kwa nusu dakika kila moja. Wastani ni kama theluthi moja ya sekunde. Peleka wastani huo kwa meneja yeyote, atakushukuru. Watu kumi waliokatiwa nusu dakika ya uhai wao mbele ya dirisha hawamo. Na mara nyingi hao kumi hawatokei kwa bahati: ni walewale wenye historia ndefu, wadhamini wengi, wanachama wa miaka ishirini. Wateja wako wa zamani ndio wanaoumia, na wastani unawafunika kwa wateja wa juzi.

Halafu kuna kosa ambalo Gil Tene, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Azul Systems, amelipigia kelele kwa miaka. Nalieleza kwa pantoni. Tuseme unataka kujua watu wanasubiri muda gani kwenye kivuko cha Kigamboni. Unamtuma kijana mmoja na saa: afike Magogoni, asubiri, avuke, arudi, asubiri tena, siku nzima. Saa tatu asubuhi pantoni inaharibika kwa saa mbili. Kijana wako anasimama, anasubiri, anavuka, anaendelea. Jioni karatasi yake ina safari nyingi nzuri na moja mbaya. Je, hiyo ndiyo habari ya Magogoni siku ile? Maelfu waliofika wakati pantoni imelala hawamo kwenye karatasi, kwa sababu mpimaji wako alipokuwa amekwama hakupima. Programu nyingi za upimaji, zikiachwa zilivyo, hufanya hivyohivyo: hutuma swali, husubiri jibu, ndipo hutuma jingine. Seva ikiganda, mpimaji anaganda nayo kwa adabu. Walimu hawagandi. Wanaendelea kuingia mlangoni. Na pgbench yenyewe ina kigezo cha kurekebisha hili: unaiambia ni miamala mingapi inapaswa kufika kila sekunde, na muda wa kusubiri unahesabiwa kuanzia wakati muamala ulipopaswa kuanza. Kigezo kipo tangu toleo la 9.4. Niulize kama nilikitumia.

Wapo watakaosema: huu ni uzembe wako, usiugeuze falsafa. Nakubali nusu. Uzembe ni wangu, lakini kiti nilichokuwa nimekalia kimetengenezwa na wengi. Nitajie kampuni ya kanzidata ambayo tangazo lake la toleo jipya halina asilimia. Kasi zaidi kwa kiasi hiki, mara mbili kwa kile. Katika maandishi madogo ndipo utakuta "kwa baadhi ya kazi". Kwa kazi zipi? Si zangu. Mwaka 1983 David DeWitt na wenzake Dina Bitton na Carolyn Turbyfill, wakiwa na makao yao ya utafiti huko Wisconsin, walipima kanzidata za wakati ule na kuchapisha matokeo. Jibu la soko halikuwa kuboresha kimyakimya na kushukuru. Leseni ya Oracle ikaja na kifungu kinachokukataza kutangaza matokeo ya vipimo bila ruhusa yao, na wengine, Microsoft wakiwemo kwa SQL Server, wakafuata njia hiyo. Hadi leo kinaitwa kifungu cha DeWitt. Fikiria: unanunua gari, na mkataba unakukataza kumwambia jirani linakula mafuta kiasi gani. Anayetangaza namba zake kwa herufi kubwa anakuzuia wewe kutangaza zako.

Lakini sisi tunaotumia programu huria hatuna aliyetuziba mdomo. Hakuna kifungu cha DeWitt kwenye PostgreSQL. Tumejiziba wenyewe. Tunachukua grafu iliyopimwa kwenye mashine yenye kori mia kadhaa huko California, tunaitafsiri kwa Kiswahili cha vikao, tunaiweka kwenye wasilisho. Vipimo vya hali yetu viko wapi? Seva ya mtumba, umeme unaokatika kanzidata ikiwa katikati ya kuandika, tawi la wilayani linalounganishwa kwa modemu, tarehe 25 ya mwezi ambapo kila mtu anataka salio saa moja. Kila ofisi inayajua haya kwa uchungu wake na inayazika kwenye ripoti isiyosomwa.

Na usidhani toleo jipya ni lazima liwe na kasi. Imani hiyo tumeirithi kutoka kwenye simu. Mark Callaghan, aliyeongoza wahandisi wa MySQL huko Facebook, kwa miaka mingi amekuwa akichukua matoleo ya zamani na mapya, anayajenga yote mwenyewe kutoka kwenye msimbo, anayapima kwenye mashine ileile kwa kazi ileile. Moja ya mambo aliyoyaonyesha tena na tena ni kwamba watumiaji wakiwa wachache, MySQL 8.0 katika kazi nyingi ni nzito kuliko 5.6, watumiaji wakiwa wengi, mambo hugeuka. Kila kipya kinachoongezwa ni msimbo wa ziada ambao hata swali dogo kabisa linapaswa kuupitia. Toleo hilohilo la 8.0 pia liliondoa kabisa ghala la majibu yaliyokwisha kutolewa, lile ambalo mifumo mingi midogo ilikuwa ikiliegemea bila kujua. Watengenezaji walikuwa na sababu nzuri za kuliondoa. Sababu nzuri ya mtengenezaji haimpunguzii sekunde mtu wa kaunta.

Baada ya Januari ile nilisikia pia upande wa pili, na upande huo unaniudhi kuliko wa kwanza. "Si mnaona? Kitu kinafanya kazi, kwa nini mkiguse?" Jamaa mmoja wa chama kingine alinitolea mfano wetu kama ushahidi kwamba yeye hatahama kamwe. Yuko kwenye toleo ambalo hakuna anayelizibia matundu, ndani yake zimo namba za akaunti za watu, na anajisifu kwa busara. Naye hajapima. Aliyekataa bila kupima na aliyekubali kwa kipimo bandia wamekaa benchi moja.

"Hatuna muda wala mashine." Hili nalielewa, na ndilo jibu pekee ninalolijibu kwa upole. Nakala rudufu unayo, au una tatizo kubwa kuliko haya. Irejeshe mahali pawili: toleo la zamani pembeni, jipya pembeni, mashine aina moja, kwa njia ileile. Kukodi seva mbili kwa mwisho wa juma ni bei ya chakula cha mchana cha kikao kimoja cha bodi. Kuna kiongezi kinaitwa pg_stat_statements. Kinakuandikia maswali yote ambayo mfumo wako huuliza kweli, mara ngapi, na kwa muda gani. Chukua arobaini yanayokula muda mwingi. Yaendeshe pande zote mbili, mara nyingi, ukipokezana, leo jipya likitangulia, kesho la zamani. Usiangalie wastani peke yake. Tazama yale mabaya kabisa, na tazama njia ambayo mpangaji amechagua kila upande. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: ukipandisha na toleo la mfumo endeshi siku hiyohiyo, umepima vitu viwili na hujui kipi ni kipi. Kazi hii ingetuchukua siku mbili. Swali la dirisha la tatu lingekuwa la kwanza kwenye orodha, likiwaka kama taa ya breki.

Nimeahirisha sehemu hii.

Aliyegundua JIT hakuwa mimi. Ni mwenzangu wa zamu ya usiku, yule aliyehamisha. Jumatatu ile jioni, matawi yamefungwa, aliketi akalichukua swali la mkopo, akaiomba kanzidata ieleze lilivyojibiwa na muda wa kila hatua. Chini kabisa ya maelezo, pale ambapo mtu aliyechoka hafiki, kulikuwa na mistari michache ya JIT na milisekunde zake. Karibu muda wote ulikuwa pale. Akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, jit = off, akaiambia seva isome upya. Hatukuhitaji hata kuizima. Jumanne asubuhi foleni ilikwenda kama maji.

Jumatano kukawa na kikao. Mtu fulani alikuwa amesoma mahali kwamba ukihama kwa pg_upgrade, takwimu ambazo mpangaji anazitegemea hazihami, ni lazima uzikusanye upya. Na ni kweli, kwa matoleo ya wakati ule. Basi ikaamuliwa kwamba mwenzangu hakuzikusanya. Alikuwa amezikusanya. Kumbukumbu za amri zilikuwepo, saa nane na dakika kadhaa usiku wa Jumamosi, na alizionyesha. Meneja akauliza kwa nini basi mfumo ulikuwa mzito wakati "vipimo vilionyesha kasi imeongezeka". Grafu yangu ilikuwa ukutani, imetoka kwenye projekta, nguzo ya kijani juu ya nguzo ya kijivu. Chumba kizima kiliitazama. Kilikuwa kitu pekee mle ndani chenye namba, na aliye na namba haulizwi.

Ningeweza kusema: kipimo kile hakikuwahi kuligusa swali la mkopo. Sentensi moja. Niliijua tayari, nilikuwa nimeielewa Jumatatu usiku nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikanyamaza, nikaandika kitu kwenye daftari ili nionekane ninaandika. Mkataba wake ulipoisha Machi haukuongezwa. Barua ilisema kuhusu kupunguza gharama.

Mwaka 2023 tulihamia toleo la 16. Nilitumia mwisho wa juma mara mbili, seva mbili, maswali arobaini. Nilimpelekea meneja jedwali badala ya grafu: mengi yamebaki palepale, kadhaa yamekuwa mepesi, matatu yamekuwa mazito, na kwa kila moja ya hayo matatu nimeandika ni dirisha gani litaumia na tufanye nini. Alilipindua karatasi kuangalia kama kuna kitu nyuma. "Sasa kaka, kwa kifupi, lina kasi au halina?" Nikamuuliza, kwa swali lipi? Hakufurahi. Tukayarekebisha matatu kabla ya kuhama.

Jedwali hilo nilimtumia pia mwenzangu wa zamani, ambaye sasa yuko Mwanza na anafanya kazi nzuri kuliko yangu. Pamoja nalo niliandika yale ambayo nilipaswa kuyasema kikaoni. Alijibu baada ya siku mbili.

"JIT umeiacha au umeizima?"

Nikamwambia nimeizima kwa mfumo wa kaunta, nimeiacha kwa ripoti za usiku.

"Sawa," akaandika.